Aliyekamua Ng'ombe wa Treanor

Huku kwetu Corraghdoo mtu akifa, jambo la kwanza si machozi, ni ng'ombe. Machozi yanaweza kumsubiri padri, lakini kiwele kikijaa kimejaa, na hakina habari kama mwenye nyumba yu kitandani au yu mtaroni. Kwa hiyo majirani huja. Hawaitwi wala hawashukuriwi. Mmoja anakamua, mwingine anawatupia ndama majani, wa tatu anachukua koleo kwenda kuchimba kaburi, na wake zao wanaleta vikombe vya kuazimisha na mikate yenye nyama ya nguruwe, mingi kiasi kwamba mfiwa huikumbuka mikate kuliko marehemu. Ni desturi nzuri sana. Nimeisifu mwenyewe mara nyingi, mdomo ukiwa umejaa mkate.

Lorcan Treanor alikutwa amekufa mtaroni Jumanne moja ya Novemba, saa mbili asubuhi, hatua thelathini upande wetu wa mpaka. Hatua hizo thelathini ziliwafurahisha mno polisi wa Kaskazini, nchi ya ng'ambo. Walikuja, wakapima kwa utepe, wakatupa pole, wakaondoka kabla mvua haijazidi. Lorcan akabaki wetu. Kando yake, ndani ya mfuko, alilala bata mzinga aliyenyonyolewa. Usiku uliotangulia marehemu alikuwa amevuka mpaka kwenda ukumbini kucheza karata, ambako mshindi wa Novemba hupewa bata wa Krismasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameshinda kitu.

Tulimpenda sana Lorcan kuanzia saa mbili na dakika tano asubuhi ile. Kabla ya hapo sikumbuki.

*

Kesi ilikabidhiwa Sajini Fintan Mulqueen, mpelelezi aliyehamishiwa kwetu kutoka Dublin miezi mitatu kabla. Alikuwa mtu wa kozi nyingi na viatu visivyofaa matope. Mchana wa siku ileile aliegesha gari lake katikati ya ua wa Treanor, mahali ambapo parokia nzima ingeliona, akaingia jikoni na kuketi mbele ya mjane, Assumpta, aliyekuwa bado amevaa aproni. Kando ya jiko alikaa mama mkwe, Philomena, mwenye miaka sabini na tisa, rozari mkononi, macho kwenye moto.

"Pole tena, mama," alisema Mulqueen. "Mumeo alirudi nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Mashine ya kukamulia iliwaka saa kumi na mbili kamili. Nikasema, haya, mheshimiwa karudi."

"Alilala wapi?"

"Kwa kaka yake, kule ng'ambo. Akinywa hulala huko. Ndivyo nilivyodhani."

"Na hukutoka kwenda kumwona?"

"Afande, wewe una mke?"

"Ninaye."

"Ukilala nje usiku kucha, asubuhi hukukimbilia na busu?"

Mulqueen alikohoa. Assumpta akaeleza kwamba alibaki kitandani akipanga maneno. Alikuwa na mengi, na alitaka yatoke kwa mpangilio. Mashine ikazimika kama saa moja, Lorcan hakuingia, akajua anaogopa. Saa mbili mtu wa posta alipogonga mlango akisema kuna jambo barabarani, alikimbilia banda la kukamulia kumwita mumewe aje asikilize. Hakumkuta.

"Sakafu ilikuwa imeoshwa," alisema. "Ndoo imepinduliwa juu ya ukuta. Na kitambaa cha kufutia viwele kimekunjwa mara nne, kimewekwa juu yake. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, Afande, sijawahi kumwona akikunja kitu. Nikajua leo kaona kosa lake."

Mulqueen akaandika: marehemu alikuwa mtu nadhifu.

"Basi, alipomaliza kukamua akatoka tena barabarani, na bata mzinga?"

"Labda alikuwa anampelekea mtu."

Mulqueen akaandika na hilo. Sisi tuliosoma na Lorcan tunajua kwamba hakupata kumpa mtu hata unyoya, lakini hakuna aliyetuuliza, na hata tungeulizwa tusingesema. Daktari alikuwa amekwama. Kwa baridi ile na maji ya mtaroni, alisema kifo kingeweza kutokea wakati wowote kati ya usiku wa manane na saa mbili asubuhi. Sasa mjane alikuwa amempa mpelelezi zawadi ya saa moja tu, kati ya saa moja na saa mbili. Philomena aliutazama moto akavuta punje nyingine ya rozari.

*

Barabara yetu haina magari mengi saa hizo. Kuna gari la maziwa, kuna la posta, na kuna gari dogo jeupe la Rimantas, Mlithuania anayechuma uyoga kwenye mabanda ya kule chini. Hupita saa kumi na mbili na nusu kwenda kazini, na hurudi kama saa moja na robo kuwachukua wenzake wa zamu ya pili. Mbele, upande wa kushoto, gari hilo lilikuwa limebonyea. Rimantas alisema aligonga kulungu mwezi wa tisa. Mulqueen akamuuliza kulungu huyo yuko wapi. Rimantas akasema walimla. Jumatano jioni akafungiwa, Ijumaa akafikishwa mahakamani, akarudishwa rumande.

Sijui niseme vipi jinsi tulivyopumua. Mgeni ni baraka katika parokia. Tulikuwa tayari tumeanza kutazamana kwenye duka la magazeti, kila mmoja akikagua bampa ya mwenzake kwa pembe ya jicho, na sasa tuliweza tena kutazama bampa zetu wenyewe.

Alhamisi maiti ililetwa nyumbani, tukakaa matanga. Lorcan alilala sebuleni ndani ya suti ya harusi iliyopasuliwa mgongoni ili imwenee. Watu mia tatu walipita wakimshika Assumpta mkono, wakisema yaleyale, naye akijibu yaleyale. Kila baada ya dakika tano mwanamke fulani alimnong'oneza kwamba vikombe vyenye ua la buluu ni vya jirani Concepta na visichanganywe na vyenye mstari wa dhahabu. Mjane akaitikia kwa kichwa. Mumewe amelala sebuleni, naye alikuwa akihesabu vikombe vya Concepta.

Tuliyemsifu zaidi ni Jarlath McGlone, jirani wa ng'ambo ya ua wa miti. Mtu wa miaka hamsini, hajaoa, ana ng'ombe arobaini wake mwenyewe, na tangu Jumanne alikuwa akikamua wake na wa Treanor pia, asubuhi na jioni. Hata ndani hakuingia, kwa kuwa buti zake zilikuwa na matope. Alisimama uani akipelekewa chai kama mtu aliyeajiriwa.

"Yule ni mtakatifu," alisema Concepta.

"Hata trekta kaliosha," nilisema mimi. Kweli nilisema. Nakumbuka maneno yangu.

*

Jumapili, siku moja baada ya maziko, mke wa Rimantas alikuja. Jina lake Daiva. Alitembea maili tatu kwa kuwa gari lilikuwa polisi, watoto wake wawili nyuma, keki ndani ya bakuli. Philomena ndiye aliyefungua mlango. Aliitazama keki, akamwambia aiweke pale chini, akafunga. Mbwa alikuwa ameshaila nusu Assumpta alipotoka kumfuata mgeni hadi langoni.

"Samahani," alisema Assumpta. "Ni mzee."

"Si kitu." Daiva aliongea lugha yetu kwa kuipanga, neno baada ya neno. "Nimekuja kusema pole kwa mume. Na kusema mume wangu hakumgonga."

"Hayo waambie polisi."

"Nimewaambia. Wao wanaandika tu. Rimantas alipita hapa saa kumi na mbili na nusu. Taa ya ng'ombe inawaka. Mtu anatoka na ndoo, anamwona, anainua kidole." Akainua kidole chake cha shahada kuonyesha. Huku kwetu ukikutana na gari barabarani unainua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani. Ni salamu kamili. Mtu akitaka zaidi ya hapo aandike barua. "Akafurahi. Miaka minne anapita hapa. Bwana wa nyumba hii hakuinua kidole hata mara moja. Siku hiyo anainua. Rimantas aliwaambia polisi. Polisi wanasema, vizuri, basi bwana alikuwa hai, ulimgonga wakati wa kurudi."

Kwa kusema ukweli mtupu, Rimantas alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Na Assumpta alijua jambo moja kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu: mumewe hakuwasalimu watu wa uyoga. Alikuwa na hotuba nzima juu yao. Angeweza kukatwa kidole kabla hajakiinua.

"Huyo mtu alikuwa mrefu?" aliuliza.

"Sijui. Alisema tu, mtu mwema."

*

Jarlath alikuwa anamalizia kuosha sakafu Jumapili ileile, saa kumi na moja jioni. Assumpta alisimama mlangoni mwa banda. Ndoo ilikuwa imepinduliwa juu ya ukuta. Kitambaa kilikuwa juu yake, kimekunjwa mara nne, kingo zimekutana sawasawa. Siku zote tano zilizopita alikuwa hajakanyaga mle ndani, kwa kuwa majirani walikuwa wamemfanyia kila kitu.

"Jarlath."

"Naam, shemeji."

"Jumanne ulianza kukamua hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kama kawaida."

Alijibu kabla hajafikiri. Jarlath ni mtu ambaye ukimuuliza habari za ng'ombe hawezi kudanganya. Kisha ufagio ukasimama.

"Lorcan alikutwa saa mbili," alisema Assumpta.

Maji yaliendelea kutiririka kuelekea kwenye mfereji. Jarlath aliyafuata kwa macho.

"Nilikuwa na mzigo," alisema. "Wa kutoka ng'ambo."

"Dizeli."

"Dizeli. Ya magendo. Nilizima taa za trekta. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo, mvua, naye katikati ya barabara na ule mfuko, anaimba. Nilisikia wimbo kabla sijamwona."

"Alikufa papo hapo?"

"Papo hapo," Jarlath aliuambia ufagio.

"Nitazame."

Hakumtazama. "Nilikaa naye, shemeji. Hakuwa peke yake. Nilimfunga vifungo vya koti. Halafu nikapeleka mzigo nyumbani, nikarudi nije kukubishia hodi. Kweli nilikuja kubisha. Nikafika hapo uani nikasikia ng'ombe."

"Ukaona uanze na ng'ombe."

"Walikuwa wamejaa."

Assumpta alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka kikawa kile kilio ambacho hakuwa amekipatia nafasi wiki nzima kwa ajili ya vikombe. Jarlath alisimama na ufagio wake. Mtu aliyeweza kumkamulia ng'ombe ishirini na sita hakuweza kumpa leso.

"Ungebisha," alisema hatimaye. "Nisingekusamehe siku hiyo. Lakini ningekusamehe."

"Nilitaka. Halafu ukamwambia yule afande umesikia mashine, umemsikia Lorcan. Ulisema mwenyewe. Nikanyamaza."

"Na Mlithuania?"

"Watamwachia. Hawana ushahidi."

"Wana mimi. Mimi ndiye ushahidi." Akajifuta uso kwa aproni. "Nenda kituoni mwenyewe, Jarlath. Nakupa mpaka Jumanne asubuhi."

*

Philomena hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Dirisha langu liko uani. Mwanangu anaburuta mguu wa kulia tangu adondoke kwenye paa la ghala. Aliyeingia bandani hakuburuta."

"Ulijua, mama, ukanyamaza? Ni mtoto wako."

"Ndiyo, ni mtoto wangu. Anarudi ukisema?" Punje za rozari ziligongana. "Umeshajiuliza nani atakamua? Wewe utakaa na nani hapa? Waulize akina Brannigan."

Huhitaji kuwauliza akina Brannigan. Babu yao aliongea na askari kabla mama yangu hajazaliwa, na mpaka leo wajukuu wanaitwa kina Mdomo. Mmoja wao ni daktari wa meno, na bado watu wanasema wanakwenda kung'olewa jino kwa Mdomo. Hakuna aliyewagusa wala kuwatukana. Siku wakifiwa tu, ng'ombe wao hulia.

"Yule Mlithuania ana watoto wawili, mama. Niliwaona langoni."

"Si wa kwetu."

"Hata mimi si wa kwenu. Nimetoka maili kumi na mbili."

"Ndiyo maana unataka kwenda," alisema Philomena.

Jumatatu Jarlath alikuja kukamua asubuhi na jioni. Mpaka uko mashamba matatu kutoka kwake, na angeweza kuuvuka na kuacha polisi wa pande zote mbili waandikiane barua mpaka Pasaka. Hakuvuka. Kituoni pia hakwenda. Jumanne asubuhi mashine iliwaka saa kumi na mbili kamili, na Assumpta akalala akiisikiliza mpaka ikazimika. Nadhani alikuwa anaiaga.

*

Siku ya Jumanne ni siku ya mnada wa ng'ombe mjini. Akiwa na siku saba za wiki za kuchagua, Assumpta aliegesha gari la marehemu mbele ya kituo cha polisi saa sita mchana, tukiwa tumejipanga mlangoni mwa mnada, ng'ambo ya barabara. Tulimhesabia. Alikaa ndani saa moja na dakika ishirini.

Mulqueen hakufurahi. Faili lake lilikuwa limekamilika, lina picha na jedwali.

"Mama, unataka mahakama iamini kwamba mtu ameua, halafu akakaa saa nzima anakamua ng'ombe wa aliyemuua?"

"Muulize mtu yeyote wa huku. Hakuna atakayekujibu, lakini wote wataamini."

"Na ulisema ni mumeo."

"Nilisema nilisikia mashine. Jina lake niliongeza mwenyewe. Ndoo ilipinduliwa, kitambaa kikakunjwa, nami nikajipendelea nikafikiri ni kwa ajili yangu. Na mume wangu hakuwa anampelekea mtu bata, Afande. Alikuwa anamleta nyumbani. Alikuwa hajafika."

Mulqueen alimtafuta bata kwenye orodha yake, akampata, namba kumi na saba, akampigia mstari. Zile kozi zote, na bata ndiye aliyekuwa anajua.

Walimkamata Jarlath jioni hiyo ndani ya banda la Treanor. Aliomba amalizie wanne waliobaki. Mulqueen alimruhusu, akasimama na viatu vyake ndani ya maji akimngoja. Jarlath alipomaliza akaosha sakafu, akapindua ndoo, akakunja kitambaa, akanyoosha mikono.

*

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi hakukuwa na sauti yoyote. Halafu ng'ombe mmoja akaanza, na wengine wakamfuata. Assumpta alivaa buti za Lorcan, zilizomzidi miguu, akaenda kutafuta swichi ya mashine ambayo kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwonyesha. Philomena alimwashia taa ya uani, kisha akarudi kulala.

Ng'ambo ya ua wa miti mashine ya Jarlath ilikuwa inafanya kazi vizuri. Tulikuwa huko watu kumi na mmoja kwa ng'ombe arobaini, tunakanyagana, wawili wakilisha ndama walewale mara mbili. Concepta alileta mikate. Kufika huko ilibidi tupite mbele ya lango la Treanor, magari saba. Assumpta alikuwa langoni akimwaga maziwa ya ndoo ya kwanza, aliyoyaharibu, na taa zetu zilimpiga usoni mmoja baada ya mwingine. Hakuna kidole kilichoinuka. Mimi nilikuwa gari la tatu. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, kidole kilikuwa palepale, na nilikiacha. Ninaona aibu, na ningekutana naye kesho ningefanya vilevile.

Saa kumi na mbili na nusu gari dogo jeupe lilikuja, lililobonyea mbele kushoto. Walikuwa wamemwachia usiku uliotangulia, na kazini alikuwa ameshakatwa mshahara wa siku sita. Assumpta alijisogeza kando, macho chini, kwa kuwa alikuwa ameshajifunza.

Rimantas alipunguza mwendo akainua kidole. Alikuwa hajaambiwa na mtu kwamba nyumba ile haisalimiwi tena.